Old English Text MT: fonti ya vyeti inayosimama kwa unywele

Mteja akiingia kwenye duka la uchapishaji pale Oginga Odinga Street, Kisumu, akasema anataka "ile Gothic", fundi asiye mzoefu huandika Gothic kwenye orodha ya fonti, na kompyuta humpa Century Gothic: herufi za mviringo, nyepesi, hazina pembe hata moja. Mteja hutikisa kichwa. Yeye anataka zile nene za cheti, zenye ncha kama mikuki. Mkanganyiko huu una asili yake. Wachapaji wa Marekani walizoea kuita gothic herufi zisizo na vijikia miguuni, ndiyo maana zikawepo Franklin Gothic na Century Gothic, ilhali Ulaya jina hilo lilikuwa la herufi nyeusi za zama za kati. Unayoitafuta haiko kwenye G. Teremka mpaka O: Old English Text MT.

Ni fonti ya kampuni ya Monotype, faili lake huitwa OLDENGL.TTF, na huja pamoja na Microsoft Office. Windows tupu haina. Kwa hiyo kompyuta yenye LibreOffice au WPS peke yake haitakuwa nayo, na hapo ndipo malalamiko ya kwanza huanzia: cheti kimepangwa vizuri Nakuru, kimetumwa kama faili la Word kwa mchapaji wa Kakamega, kikafunguka kwa Times New Roman. Fonti haisafiri na faili usipoifunga ndani. Kwenye Word ya Windows fungua File, Options, Save, kisha weka alama kwenye Embed fonts in the file. Njia salama zaidi ni kutuma PDF. Kwenye CorelDRAW, programu ya kusanifu michoro, chagua maandishi na ubonyeze Ctrl+Q yageuke michoro. Ila hifadhi nakala moja kabla ya kugeuza, maana jina likiwa na kosa la tahajia huwezi tena kulirekebisha kwa kuandika.

Sasa fonti yenyewe. Andika neno "nu" kwa pointi 150 ulitazame kwa karibu. Kila herufi ni vijiti vya wima, vinene, vilivyokatwa juu na chini kwa umbo la almasi. Herufi n ni vijiti viwili vilivyoshikana juu kwa mstari mwembamba wa mshazari. Herufi u ni vijiti vilevile viwili, ila mshikano umehamia chini. m ni vijiti vitatu, i ni kimoja chenye nukta. Wino mwingi uko kwenye vijiti, lakini vijiti havisemi lolote. Vyote ni ndugu mapacha. Kinachokuambia hii ni n na ile ni u ni huo mstari mwembamba kama unywele. Ukikatika, msomaji amebaki na ua la miti.

Kiingereza huvumilia hali hii kidogo. Kiswahili chetu kimejaa m, n, u, na i. Chukua Kisumu: baada ya s kuna "umu", yaani vijiti saba mfululizo. Mumias ina sita kwenye "umi". Neno "kuhitimu", ambalo halikosekani kwenye cheti, lina "imu", vijiti sita. "Uaminifu" nalo ni baya: "mini" ni vijiti saba, na nukta mbili tu ndizo zinazomsaidia msomaji. Si tatizo jipya. Waandishi wa Ulaya wa zama za kati walikumbana nalo kwenye Kilatini, na ile nukta ya i ilianza kama kialama cha kuitofautisha na vijiti jirani. Gutenberg alipochapa Biblia yake ya mistari 42 kule Mainz karibu mwaka 1455, alitumia herufi za ukoo huuhuu, unaoitwa textura. Old English ni tawi la Waingereza, lililodumu kwenye hati za sheria na vichwa vya magazeti; The New York Times na The Washington Post bado huandika majina yao kwa herufi za aina hii.

Kwa hiyo tathmini ya fonti hii haihusu kama ni nzuri au mbaya. Machoni ni nzuri, na inabeba uzito wa hati kuliko fonti nyingine yoyote iliyomo kwenye Office. Swali ni moja: njia unayotumia kuiweka kwenye karatasi, kitambaa au plastiki inaweza kuubeba ule unywele?

Kwenye karatasi, kwa printa ya leza, jibu ni ndiyo, kwa masharti. Printa ya doti 600 kwa inchi huweka doti nane na ushei kwa kila pointi moja, hivyo mstari wa robo pointi hupata doti mbili hivi. Inatosha. Lakini washa hali ya kuokoa toni na mstari huo unatobokatoboka. Cheti cha A4 cha kulala kina upana wa milimita 297. Kichwa cha "Cheti cha Kuhitimu" kinakaa vizuri kwa pointi 48 hadi 54, jina la taasisi kwa 28 hadi 32. Chini ya pointi 14 tusidanganyane, acha. Maelezo ya katikati, tarehe, nambari ya cheti na cheo cha anayetia sahihi viandikwe kwa Garamond au hata Times New Roman.

Na jina la mhitimu? Hapa tunatofautiana na mafundi wengi, ambao huliweka kwa Old English kwa kuwa ndilo linalolipiwa. Fikiria maisha ya cheti hicho. Kitatolewa kopi, kopi itapigwa muhuri kwa wakili, kopi ya kopi itapigwa picha kwa simu na kutumwa na maombi ya kazi. Kila hatua inakula unywele. Wanyonyi akifika upande wa pili anaweza kusomeka Wauyouyi, na karani anayelinganisha jina na kitambulisho hana muda wa kukisia. Jina liwe kwa fonti inayosomeka, kubwa, hata kwa herufi za mlazo ukipenda madoido. Kama mteja ameng'ang'ana na Old English, mpe angalau pointi 36 na karatasi laini ya gramu 160 au zaidi. Karatasi zenye ukwaru, zile zinazouzwa kama za kifahari, hupokea toni kwa mabaka na mistari myembamba hukatika kwenye mabonde ya karatasi.

Makosa ya kupanga yanajulikana, lakini yanarudiwa kila msimu wa mahafali. La kwanza ni herufi kubwa tupu. Herufi kubwa za Old English zilichorwa kusimama mwanzoni mwa neno peke yake, kila moja na mapambo yake, mistari miwili ya ndani na mkia. Ukiandika CHETI CHA KUHITIMU unapata safu ya mageti ya chuma. H inafanana na h iliyonenepa, T inakaribiana na C. Andika "Cheti cha Kuhitimu", herufi kubwa mwanzoni tu. La pili ni kubonyeza B. Fonti hii ina unene mmoja. Haina nene wala ya mlazo. Word ikiambiwa inenepeshe huongeza wino pande zote za kila mstari, na tundu la ndani ya a na e huziba. Ukitaka uzito zaidi, ongeza ukubwa. La tatu ni kutawanya herufi ili neno lijaze nafasi. Mpangilio wa herufi hizi unategemea mapengo sawa: pengo la ndani ya n likaribiane na pengo kati ya n na jirani yake. Ukiziachanisha, neno linavunjika kuwa vijiti tu. Neno likiwa fupi kuliko nafasi, liache fupi.

Kukunja maandishi kuwa upinde juu ya nembo nako hakufai. Vijiti vilivyopaswa kusimama wima vinaanza kulala huku na huku kama mahindi baada ya mvua ya mawe, na mshikano wa juu unaachana huku wa chini ukibanana. Nembo ya duara ibebe fonti nyingine pembeni, Old English ikae katikati kwa mstari ulionyooka.

Kuna jambo dogo la lugha yetu ambalo michoro ya mfano ya mtandaoni haitakuonyesha: kibainishi cha ng'. Ukiandika Nyang'oma moja kwa moja ndani ya Word, kwa kawaida kibainishi hujipinda chenyewe. Ukinakili jina kutoka WhatsApp kinakuja kimesimama wima, na ndani ya Old English kijiti kifupi cha wima ni mwaliko wa kusomwa kama sehemu ya herufi. Kifute, ukiandike upya kwa kibodi.

WhatsApp inaleta na balaa lingine. Vijana hutuma majina ya timu yakiwa tayari "yameandikwa Gothic" kwa programu ya simu. Hayo si maandishi ya kawaida yaliyovishwa fonti. Ni alama za hisabati zilizowekwa kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, kwa ajili ya fomula, zilizokopwa kwa umbo lake. Ukizibandika kwenye CorelDRAW utapata visanduku vitupu au mwonekano usiobadilika hata ubadili fonti mara kumi. Mwombe mteja aandike jina upya kwa herufi za kawaida, na usikubali kukisia tahajia.

Tukihamia kwenye stika, fonti inaanza kudai kazi. Boda boda, tuktuk na vioo vya matatu ndiyo soko kubwa la herufi hizi Kisumu na Nakuru, na hukatwa kwa plotta, mashine ya kukata kwa kisu, kwenye vinaili, plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni. Kisu kinaweza kukata mstari mwembamba sana. Shida inakuja wakati wa kung'oa mabaki. Mstari ulio chini ya milimita 1 huinuka pamoja na taka. Ukinusurika hapo, utang'oka kwenye madigadi siku ya tatu, pikipiki inapooshwa kwa mashine ya presha, kwa sababu eneo la gundi ni dogo na jua limeshalegeza ncha.

Kipimo ni hiki. Ndani ya CorelDRAW, weka neno kwenye ukubwa halisi wa kukata, kisha chora duara la milimita 1. Lipeleke juu ya mstari mwembamba kuliko yote: mshikano wa n, mkia wa herufi kubwa, ule mstari wa ndani wa C. Duara likitokeza pande zote mbili, mstari ni mwembamba mno. Una njia mbili. Kuza neno mpaka duara limezwe, au ongeza unene kwa kutumia F12, inayochora mzingo kufuata ukingo wa herufi: mzingo wa milimita 0.5 hukaa nusu ndani na nusu nje ya ukingo, kwa hiyo kila mstari unanenepa kwa milimita 0.5, na kila pengo linapungua kwa kiasi hichohicho. Geuza mzingo uwe umbo kwa Ctrl+Shift+Q, uunganishe na herufi kwa Weld, kisha rudisha lile duara upime mapengo sasa. Wengi husahau hatua hii ya mwisho. Wananenepesha unywele mpaka matundu yanaziba, halafu wanalaumu kisu.

Wasipounganisha kwa Weld, plotta hukata mistari miwili kila mahali, mmoja wa herufi na mmoja wa mzingo. Tazama kwa mwonekano wa mistari mitupu kabla ya kutuma.

Kwa vinaili ya kupasi kwenye fulana, kazi hugeuzwa kama kioo kabla ya kukata. Kwa Arial ukisahau unashtuka papo hapo. Kwa Old English, vijiti vinafanana pande zote na jicho linaweza kupita. Angalia herufi za s na e, hizo hazifichi.

Uchapishaji wa skrini una hesabu yake. Nyavu nyingi za fulana ni za nyuzi 43 kwa sentimita, zinazofaa kwa maumbo manene. Maandishi haya yanataka nyuzi 77, na hata hivyo tusingeshuka chini ya nusu milimita kwa mstari mwembamba. Filamu, ile karatasi angavu yenye mchoro inayowekwa juu ya skrini wakati wa kuimulika, iwe na wino mweusi kwelikweli. Filamu ya kijivu inapitisha mwanga na dawa iliyopakwa kwenye skrini inaganda palipotakiwa pabaki wazi. Mwanga ukizidi muda, matokeo ni yaleyale: mistari minene inabaki, myembamba inaziba, na umu ya Kisumu inatoka kama vizuizi saba visivyoshikana. Wino wa maji nao hukauka kwenye matundu membamba kwanza, hasa mchana wa joto. Chapa mfululizo, usiache skrini imekaa wazi wakati unajibu simu.

Kushona kwa mashine ya darizi ndiko kunakoitesa fonti hii zaidi. Mshono wa satini, ule wa nyuzi zilizolazwa sambamba karibukaribu, unahitaji upana wa milimita 1 hivi ili ukae vizuri. Chini ya hapo uzi unajikusanya na kuwa fundo. Unywele wote basi inabidi uwe mshono mmoja wa kukimbia, na huo huzama kwenye kitambaa cha fulana ya kola kama haukuwa. Isitoshe uzi unavuta kitambaa, kwa hiyo mpangaji huongeza upana wa kila kijiti, mara nyingi kati ya milimita 0.2 na 0.4. Ukiongeza 0.3, pengo kati ya vijiti linapungua 0.3. Kwenye maandishi ya kifuani yenye herufi ndogo za milimita 6, pengo hilo lilikuwa jembamba tangu mwanzo. Tusingepokea oda ya Old English ya kifuani yenye zaidi ya herufi moja au mbili za mwanzo wa majina. Herufi moja kubwa, milimita 30 kwenda juu, inapendeza sana. Sentensi nzima ya wito wa shule, hapana.

Kuhusu haki za matumizi: leseni ya Office inakuruhusu kuchapa na kuuza vyeti na stika, isipokuwa kama programu yako ni ya toleo lililouzwa kwa matumizi ya nyumbani au ya wanafunzi pekee. Kumpa mteja faili la OLDENGL.TTF kwenye flashi ni jambo jingine; hilo halimo kwenye ruhusa. Mpe PDF au michoro.

Asiye na Office ana fonti za bure kwenye Google Fonts, zenye leseni ya wazi inayoruhusu kazi za kulipwa. Inayopakuliwa haraka kwa sababu ya jina lake la kutisha ni UnifrakturMaguntia. Ni kazi safi, lakini ni Fraktur, tawi la Kijerumani, na Fraktur ina ugomvi na Kiswahili. K yake kubwa inakaribia kuwa R kwa jicho lisilozoea, na k yake ndogo inafanana na t yenye kitanzi. Andika Kakamega na uwaulize watu watatu. Ni bahati kama hakuna atakayesoma Ratamega. Neno "kaka" linakuwa "tata". Fonti ina maumbo mbadala ya k na x yaliyo rahisi kusoma, ambayo hupatikana kwenye programu zinazofungua vipengele vya OpenType, yaani maumbo ya ziada yaliyofichwa ndani ya fonti. Bila hayo, isitumike kwa lugha yenye k kila neno la tatu. Ukiona ndani yake s ndefu inayofanana na f, usiiguse: hiyo ni ya tahajia ya zamani, na kwa Kiswahili itakupa Kifumu.

Grenze Gotisch, kutoka Omnibus-Type ya Argentina, ni chotara wa herufi za Kirumi na hizi za ncha, na ina unene kuanzia 100 hadi 900. Haina ukali wa Old English, lakini mstari mzima wa Kiswahili unasomeka, jambo ambalo Old English haiwezi kuahidi. Kadi ya harusi au kichwa cha programu ya mazishi, ambako wazee wa macho mazito lazima wasome majina ya ukoo wote, tungeipa kazi hiyo Grenze kwa unene wa 500.

Pirata One ni ya unene mmoja kama Old English, ila imerahisishwa: mikia imekatwa, mistari myembamba imenenepeshwa, mapambo ya herufi kubwa yamepunguzwa. Kwenye cheti inaonekana kama mgeni aliyekuja na viatu vya mpira. Kwenye ubao wa kinyozi wa Kondele, au kwenye mgongo wa jezi unaosomwa kutoka upande wa pili wa uwanja, inaipita Old English bila jasho. Duara la milimita 1 linamezwa mapema zaidi, kung'oa mabaki kunakwenda haraka, na neno la inchi 3 kwenye madigadi lina nafasi ya kuuona mwaka mpya.